Sista Dobi na Kanzu za Kijitoni

Alizaliwa mchana wa jua kali mwaka 1926, katika ua wa watia nguo rangi, kati ya pipa la nili na kamba za kuanikia. Mama yake alikuwa fundi wa kazi hiyo na uchungu ulimkuta kazini. Jirani aliyempokea mtoto alikuwa fundi mwenzake, wala hakupata nafasi ya kunawa. Ndiyo maana mtoto alilala siku yake ya kwanza duniani akiwa na alama ya vidole vitano vya buluu mgongoni. Alama zile zilififia kabla mwezi haujaisha. Shangazi yake, hata hivyo, alishikilia mpaka uzeeni kwamba zilikuwa zikirudi kila siku ya kufua, na kwamba mkono ule haukuwa mkono wa jirani. Shangazi huyo alijulikana kwa kutia chumvi, nasi tunayaandika maneno yake kama yalivyo, bila kuyaapia. Majina yake mawili, la ubatizo na la nadhiri, marehemu aliomba yasiandikwe popote. Watu wote walimwita Sista Dobi, na hilo linatosha.

Alikulia kwenye mvuke wa masufuria. Akiwa na miaka kumi alikwisha kujua kuchanganya nili, kuchovya, kukamua, kuanika, na kuchovya tena. Alijua pia jambo ambalo mama yake alimrudia mara nyingi kuliko sala: "Rangi hii ikishakaa haitoki, mwanangu. Ukikosea usisugue, utaichana nguo bure. Vua, uanze na nyingine." Mwaka 1945 alitumwa kupeleka vitambaa vya altare kwenye nyumba ya watawa iliyokuwa nusu saa kutoka kwao kwa miguu. Aliwakuta masista wanaimba ndani ya kikanisa, wote weupe kama shuka zilizotoka kwenye wanga, akasimama mlangoni na furushi kichwani mpaka wimbo ukaisha. Alirudi nyumbani akasema anataka kwenda kukaa kule. Mama yake akauliza, "Kufua hapa kumekushinda, ndiyo unakwenda kufua huko?" Binti akajibu, "Huko kuna sabuni nyingi zaidi, mama." Walicheka wote wawili, kisha mama akalia, na wiki iliyofuata akamsindikiza mwenyewe.

Nyumba ile ilikuwa na masista kumi na wanane. Ilisimama juu ya mteremko. Chini yake kulikuwa na bustani ya mboga, na chini ya bustani kijito chenye vichaka vizito pande zote mbili. Kando ya maji palikuwa na jiwe kubwa bapa ambapo masista walishuka kila siku saa nne asubuhi kusali rozari. Sista Dobi alipewa chumba cha kufulia: makarai matatu, pasi mbili za mkaa, meza ndefu iliyofunikwa blanketi, na kamba nne nje. Alikifanya chumba kile kuwa kikanisa chake cha pili. Rafiki yake wa ndani alikuwa Sista Kinanda, aliyeingia naye pamoja na kuweka nadhiri naye siku moja, mwanamke mwembamba mwenye vidole virefu, ambaye akisikia kosa dogo kwenye wimbo alikunja uso kama aliyeng'ata ndimu.

Mwaka 1954 Mama Mkuu wa nyumba alitamani shirika lipate vazi jipya kwa heshima ya Mama wa Mungu. Alisema weupe wao unafanana na wa wauguzi. Sista Dobi, ambaye kwa kawaida mkutanoni alikaa kama hayupo, aliinua mkono. "Mimi naweza kuwapa buluu ambayo hamjawahi kuiona." Alizichovya kanzu kumi na nane, kila moja mara tisa. Akazitia bitana nyeusi kwenye pindo na mikononi zisichakae upesi. Siku kanzu hizo zilipobarikiwa watu walikuja kutoka mbali kuzitazama tu, na buluu ile ilionekana kutoka upande wa pili wa bonde. Yeye mwenyewe alikiri baadaye, mbele ya wote, kwamba siku ile alijivuna, na kwamba katika kikanisa hakumwangalia Mungu bali migongo ya wenzake.

Mbung'o walikuwepo tangu zamani katika kivuli cha kijito, wachache, na waliouma waliuma, watu wakasahau. Wiki ile ya kanzu mpya walianza kufuatana na masista. Walitua mgongoni, mabegani, kwenye pindo, wakakunja mabawa yao moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na wakapanda mteremko pamoja na maandamano ya sala, wamekaa tu, hawarushi hata bawa. Mlangoni mwa kikanisa waliondoka wote kwa pamoja. Kesho yake walikuwa wanasubiri pale pale. Mama Mkuu, aliyekuwa mtu wa nidhamu, aliagiza mtu asijipige wala kukung'uta wakati wa rozari. "Toleeni sadaka," alisema. Masista wakatolea, na kwenye jiwe lile hakukusikika ila Salamu Maria na mvumo mdogo uliokuwa ukishuka na kupanda pamoja nayo.

Wa kwanza kuugua alikuwa Sista Kinanda. Homa ilimpata wiki moja ikamwacha, ikarudi, ikamwacha. Ngozi ilimwasha. Nyuma ya shingo zikamtoka tezi ngumu, kubwa kama maharage. Miezi ikapita, naye akaanza kunenwa kuwa amebadilika: mkali kwa jambo dogo, mpole kwa jambo kubwa. Kisha asubuhi moja, katikati ya zaburi, sauti moja ya kinanda ilibaki. Masista walimaliza ubeti, wakanyamaza, na sauti ile ikaendelea, nyembamba, bila kupanda wala kushuka. Walipomsogelea walimkuta amekaa wima, miguu ikipiga mivukuto, kidole kimoja juu ya ubao, macho ameyafumba. Alikuwa amelala.

Wengine walisema ni neema. Wanawake wa jirani walianza kuja mchana kumtazama Sista aliyeitwa na Mbingu katikati ya sala, wakamgusa pindo. Mama Mkuu alilikubali hilo, na tusimlaumu haraka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemweleza jingine. Lakini sista mtunza bustani naye alilala akiwa amesimama na jembe. Mwingine alilala mezani, kijiko kikiwa njiani. Mchana nyumba nzima ilikuwa kama imewekewa shuka, na usiku waliolala mchana waliamka wakatembea ukumbini na macho wazi, kila mmoja akizungumza taratibu na mtu asiyeonekana. Sista Dobi alifunga mlango wake, akajikaza kisabuni mpaka kengele ya alfajiri.

Mungu alimfunulia jambo hili ndani ya karai. Kila Jumatatu alipozigeuza kanzu kabla ya kuziloweka, aliona kwa ndani, mgongoni na mabegani, vidoa vya damu kavu vidogo kama punje za mtama. Alizoea kuvisugua bila kufikiri. Sasa akaanza kuvihesabu. Kanzu ya mpishi, ambaye hakushuka kijitoni kwa sababu ya goti, haikuwa na doa hata moja, na mpishi alikuwa macho makavu mchana kutwa. Ya Sista Kinanda ilikuwa na arobaini na saba. Ndipo alipochukua kamba na vibanio, akashuka peke yake, akaanika kando ya maji shuka nyeupe, taulo la kijani na kanzu yake mwenyewe, akakaa chini akiwa na shimizi. Kwenye shuka hakutua mbung'o. Kwenye taulo walitua wawili. Kanzu, ilipofika adhuhuri, ilikuwa na thelathini na mmoja, wamejipanga kwenye bitana nyeusi, na wengine waliingia chini ya pindo, wakapanda kwa ndani kuelekea mwanga wa shingoni. Alivaa ile kanzu, akakaa juu ya jiwe akanyoosha mkono, ili awe na hakika. Walikuja.

Tabibu wa zahanati aliletwa baada ya wiki, mtu mrefu asiyependa maneno, na hadubini yake kwenye sanduku la mbao. Alichoma sindano kwenye tezi ya Sista Kinanda, akatia tone juu ya kioo, akatazama, kisha akamwita Sista Dobi aliyekuwa ameshika beseni.

"Unaona nini, Sista?"

"Naona vitu vya mviringo vingi, vimetulia. Halafu... kuna kitu kinapita katikati yao. Kinavisukuma."

"Ndiye huyo. Mdudu wa malale. Mbung'o akimnyonya mgonjwa humnyonya na huyu. Mdudu anakaa tumboni mwa mbung'o, anabadilika, anazaana, halafu anapanda taratibu mpaka kwenye mate. Kama wiki tatu hivi. Tangu siku hiyo kila anayeumwa na mbung'o yule anaweza kutemewa wadudu hawa, mpaka mbung'o afe."

"Na mwili unakaa tu unatazama?"

"Mwili unapigana. Homa ndiyo vita yenyewe. Ila mwili unamjua adui kwa vazi lake, na huyu kabla haujammaliza anavaa jingine. Homa inashuka, watu wanasema amepona. Kumbe wamekufa wenye vazi la zamani. Wenye vazi jipya wamebaki wanazaana. Hivyo hivyo, hivyo hivyo, mpaka waingie kwenye ubongo."

Sista Dobi aliliacha jicho lake pale juu ya hadubini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mdudu asiye na macho anajua kubadilisha vazi," alisema mwishowe. Tabibu hakuelewa, akadhani ni sala.

Tabibu alipima damu ya nyumba nzima. Wagonjwa walikuwa wanane. Dawa ya siku zile ilikuwa sindano yenye sumu ndani yake, iliyopita kwenye mishipa kama pilipili inayotembea. Iliwaokoa wengi na wachache iliwaua. Sista Kinanda alikuwa amechelewa. Alikufa siku ya tatu ya sindano, saa nane mchana, kikanisa kikiwa kimefungwa na ufunguo ukiwa mfukoni mwa Mama Mkuu. Maneno yake ya mwisho yalikuwa: "Nani huyo anapiga kinanda? Mwambieni ainue kidole." Sista Dobi aliyekuwa amemshika mkono hakusikia kinanda. Mpishi alisema alikisikia.

Baada ya maziko Sista Dobi alikwenda ofisini kwa Mama Mkuu akapiga magoti, akaeleza yote: vidoa, kamba, shuka, thelathini na mmoja. Mama Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, uso umemvimba kwa kilio cha siku mbili. "Vazi hili limebarikiwa, Sista. Unataka kuniambia kwamba Mama wa Mungu anatuua kwa rangi yake?"

"Si rangi yake, Mama. Ni yangu. Niliichemsha mimi."

"Basi usilitamke tena neno hili mbele ya mtu yeyote. Ni amri ya utii."

"Nimesikia, Mama."

Hapa ndipo lilipomfika jaribu lake kubwa. Alikuwa na nadhiri, na nadhiri ilimfunga mdomo. Alikuwa na wenzake kumi na watano na Mama wao, na kila asubuhi saa nne aliwaona wakishuka kwa mstari, na kila mgongo aliujua ni nani. Hakula siku tatu. Aliomba aonyeshwe njia isiyohitaji kusema kitu. Siku ya nne alikumbuka kwamba ameamriwa asiseme. Kufua hakuna aliyemkataza.

Jumatatu alikusanya kanzu zote kama kawaida, na ile ya marehemu akaitoa sandukuni. Alishona mchana kutwa na usiku kucha. Jumanne asubuhi kila sista alikuta juu ya kitanda chake kanzu yake nyeupe ya zamani, imefuliwa, imetiwa wanga, imepigwa pasi. Za buluu hazikuwepo. Kengele ya rozari ilipolia walishuka hivyo hivyo, Mama Mkuu mbele, midomo ameibana, na walipofika mwisho wa bustani wote walisimama ghafla.

Walijiona wenyewe. Kando ya maji, kuanzia kwenye kivuko mpaka kwenye jiwe, walikuwa wamesimama masista kumi na wanane wa buluu, wamepangwa hatua kumi kumi, mikono imenyooshwa, bila vichwa. Kila kanzu ilivishwa nguzo na fito, na mahali pa kichwa palikuwa na mfuko wa chandarua uliofungwa kwa uzi. Upepo haukuwepo, lakini nguo zilitikisika. Ndani yake mlikuwa na mvumo, ule ule wa rozari, bila maneno. Wawili walikimbia. Mmoja alianza kusali sala ya wafu.

Mama Mkuu aliifuata ya kwake. Aliitambua kwa kiraka cha kiwiko cha kushoto. Aliukamata ule mfuko kwa hasira ili aung'oe, akauminya. Alipofungua kiganja kilikuwa chekundu, na damu ilimtiririka mpaka kwenye mkono mweupe wa kanzu. Alisimama akiitazama.

"Sista. Damu hii ni ya nani?"

Na kwa kuwa sasa aliulizwa, Sista Dobi alijibu. "Ni yetu, Mama. Inatoka kwa mmoja, inaingia kwa mwingine."

Kisha Mama Mkuu akauliza kwa sauti ya mtoto, "Ya Sista Kinanda ni ipi?" Akaonyeshwa ya mwisho, karibu na jiwe. Alikwenda akasimama mbele yake, akamfungia kifungo cha shingoni kilichokuwa kimefunguka. Aliporudi alimpigia Sista Dobi magoti mbele ya wote, naye Sista Dobi akaanguka chini akaomba msamaha kwa ajili ya rangi, na wakalia wote pale matopeni, na kanzu zikivuma. Tangu siku ile hakuna aliyevaa buluu katika nyumba ile.

Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wale wanane, kwa sababu ya mkono ule aliounyoosha na kuumwa kwingi kabla ya hapo. Sindano alizimaliza, akapona, ila usingizi haukurudi mahali pake. Maisha yake yote yaliyobaki alisinzia mchana juu ya karai, na masista walimwekea kigoda chenye mgongo asije akatumbukia. Kila siku alimwaga mifuko. Wanawake wa bondeni walileta vitambaa vyao naye akawafundisha kushona, mpaka kijito chote kikawa na watu wa nguo. Tabibu alimweleza kwa nini hesabu ilikuwa ikishuka: mbung'o jike hatagi mayai kama nzi wengine; hubeba mtoto mmoja tumboni, humlisha maziwa humo humo, akimzaa humwacha ardhini ajifukie mwenyewe. Anayezaa hivyo ukimtega kila siku atakwisha. "Maskini, naye ni mama," alisema Sista Dobi, akaenda kubadilisha mifuko.

Mwaka 1979 mifuko ilikuwa mitupu, na ikabaki mitupu miaka minne. Familia thelathini zilizokuwa zinabanana juu ya kilima ziliomba kushuka zikajenge karibu na maji. Waliomwuliza kama ni salama aliwaambia, "Nguo haina damu. Mbung'o mmoja anaweza kuikataa. Mimi hatanikataa." Asubuhi moja ya kiangazi cha 1983 alishuka akaivua nguzo ya saba, yenye kanzu yake mwenyewe, akaivaa kanzu hiyo iliyopauka, akasimama mahali pale pale, mikono juu ya fito, na akajifunga kwenye nguzo kwa kamba kiunoni asije akasinzia na kuanguka. Watu walipita tangu asubuhi. Walihesabu kwa mazoea, zikawa kumi na nane, wakaendelea na safari zao.

Aliyemgundua alikuwa Mama Mkuu wa zamani, ambaye macho yalikuwa yamepofuka, na ambaye kila jioni alishuka na fimbo kuzigusa kanzu moja moja akizitaja kwa majina ya wenyewe. Alipofika ya saba alikuta mkono ndani ya mkono wa kanzu. Ulikuwa wa baridi. Aliushika mpaka wenzake walipokuja kumtafuta na taa.

Walimwosha katika chumba chake cha kufulia. Tabibu, mzee sasa, aliomba, heshima zote zikilindwa, amwangalie, akampima kwa kioo cha kukuzia kuanzia utosini mpaka nyayoni, akiwa na machozi yanayomharibia kioo. Hakupata alama ya kuumwa hata moja. Walipomgeuza waliona mgongoni vidole vitano vya buluu, vidogo kuliko vya mtu mzima. Wapo wasemao ni rangi ya kanzu kuukuu iliyochuja kwa jasho. Wanawake wa ua wa watia rangi walipoulizwa walijibu kwamba nili iliyochovywa mara tisa na kufuliwa miaka thelathini haichuji tena. Sisi tunaandika tulichoambiwa na waliomwosha.

Familia thelathini zilijenga. Watoto wao wanaoga pale kwenye jiwe. Nguzo kumi na saba zingali na kanzu kwa tahadhari, na ya saba imeachwa tupu. Wafuao kandoni mwake huona kivuli chake saa nne asubuhi, nao husema kina mikono. Waamini wanaokwenda kuomba usingizi kwa wagonjwa wao hupewa, kwa ushuhuda wa wengi. Lakini anayetaka kumwiga asianzie kwenye maajabu. Aanzie kwenye kitu kizuri alichokifanya kwa mikono yake, akakipenda, kikasifiwa, kikadhuru. Sista Dobi aliwavua wenzake wote kile alichokuwa amewavika, na ilipobidi mtu mmoja akivae tena, alikivaa yeye.